Selenium Hutamkwa Uso Ukiwa Juu

Wadogo zangu wa klabu ya kompyuta,

Mwalimu wenu aliponitambulisha aliniita mstaafu, mkacheka. Mimi pia nilicheka, lakini baadaye, nikiwa nyumbani, kwa sababu pale mbele yenu nilikuwa naangalia meza tu. Sijafika miaka ishirini. Lakini kazi niliyokuwa nayo Sultan Hamud nimeiacha, naingia chuo, na mtu aliyeacha kazi halafu akaanza kuikumbuka anaitwa nini kama si mstaafu? Basi wacha niongee kama mstaafu. Kwa kuandika naweza. Kwa mdomo mliona yaliyonipata.

Kuna msichana alikuwa amekaa karibu na dirisha. Yeye ndiye aliyeuliza, "Hizo tools za kujaribu programu, majina yake yanatamkwa aje? Tukienda kutafuta attachment ya kazini tusichekwe." Nilimjibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Kwa hivyo jibu ni hili hapa.

Nianze na kile mlichotaka, msije mkasema nawazungusha. Selenium ni si-LI-niam, uzito uuweke pale katikati. Appium ni A-piam. Pytest ni pai-test, si pitesti. JMeter ni jei-mita. Playwright ni plei-rait, na hiyo w iko pale kama mgeni aliyekuja na hakuongea. Gherkin ni ga-kin, msiivute ile gh kama ya ghali. Mkisema hivyo hakuna mtu Nairobi atageuza shingo.

Mngeweza kuacha kusoma hapa. Lakini mtu aliyenifundisha kuyatamka majina haya hakuwa akiyasikia, na nikiwapa majina bila yeye nitakuwa nimewapa nusu ya jibu.

Nilimaliza kidato cha nne hapo hapo shuleni kwenu, nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Sultan Hamud. Kulikuwa na kampuni ndogo ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Walitengeneza programu ya vioski vya maji: mtu anaweka kadi yake, maji yanatoka, anajaza mtungi, anaenda. Vioski vyenyewe vilikuwa huko Kitui, upande wa Kabati. Walitaka mtu wa kujaribu programu kabla haijatumwa. Kazi ya kujaribu ni hii: mwenzako ametengeneza kitu anakipenda, wewe unakibonyeza kila mahali mpaka kiseme ukweli. Na kuna zana zinazokubonyezea, maana vidole vyako havitoshi. Hizo ndizo zenye majina.

Majina nilikuwa nayajua yote kwa macho. Nilikuwa nimeyasoma kwa simu ya shangazi mpaka bando ikaisha. Lakini sikuwa nimemsikia mtu hata mmoja akiyasema. Halafu mimi nina shida yangu, na nyinyi mnaijua kwa sababu wengi wenu mko nayo. Sisi Kikamba chetu kinaweka m mbele ya b na n mbele ya j bila kutuuliza. Nikiwa kidato cha kwanza nilisoma "book" darasani ikatoka "mbook", na kuanzia siku hiyo nikaanza kuvuta mkono wa sweta mpaka kwa mdomo kila nikiongea. Nilienda kazini na sweta hiyo.

Asubuhi ya kwanza, kwenye ngazi, kulikuwa na magunia ya chumvi ya ng'ombe. Nikaona gunia moja limeandikwa selenium kati ya madini yaliyomo. Nikafurahi kama nimekutana na mtu wa kwetu. Nikamuuliza mzee wa duka, "Hii inasomwa aje?"

Akaangalia gunia, akaniangalia. "Soma vile unataka, mami. Ng'ombe haiulizi."

Nikapanda juu bila jibu.

Mkuu wa majaribio alikuwa Madam Ndinda, mwanamke wa Kabati, mrefu, nywele fupi, na sauti ya juu kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilimsalimia. Akasema, "Toa mkono kwa mdomo." Nikamwambia jina langu. Akasema, "Inua uso. Sema tena." Nikasema tena. "Mwende," akarudia, akaniangalia mdomo kama mtu anayesoma bango. "Sawa, Mwende. Hapa kwangu hakuna kuongea na meza."

Nilidhani ni mkali. Ofisi nzima ilidhani ni mkali. Bosi wetu, Bwana Kariuki, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a wakafungua duka pale mjini kabla hajazaliwa, alikuwa akimwambia, "Ndinda, wewe ungekuwa mwalimu wa nidhamu." Salim, kijana wa Mwingi aliyekuwa anaandika programu, alikuwa anajipanga shati kabla ya kwenda mezani kwake.

Na majina? Pale ofisini kila mtu alikuwa na yake. Bwana Kariuki alisema Serenium. Salim, ambaye kwao Kiswahili ndicho cha nyumbani na anakisema kitamu, alisema Gherikini na gh ya kutoka kooni kabisa, mpaka ikasikika kama kitu cha kuliwa na biriani. Mimi nilisema njei-mita. Madam Ndinda mwenyewe alisema mbug, akimaanisha bug, yaani kasoro ya programu. "Nimepata mbug!" Na hakuna aliyethubutu kucheka, kwa sababu mbug yake ilikuwa ya kweli kila mara.

Siku moja mchana tairi ya lori ilipasuka huko nje barabarani. Mlio ulikuwa kama bunduki. Salim alimwaga chai, mimi nikajikuta nimeinama chini ya meza. Madam Ndinda aliendelea kuandika. Hakupepesa hata jicho. Aliponiona chini akaniuliza, "Umeangusha nini?"

Nikasimama. Nikaona anaona kwamba nimejua. Wakati wa chakula tukaenda nyuma ya jengo, akakaa mahali ambapo mwanga ulikuwa ukiangukia uso wangu. Sasa nikaelewa kwa nini siku zote alikuwa akichagua viti hivyo.

"Sikio la kushoto lilienda nikiwa msichana," akasema. "La kulia linafuata mwenzake. Nasoma midomo."

"Bosi anajua?"

"Anajua mimi ni mkali." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mwende, mimi sina kazi ingine ninayoiweza hivi. Na mkuu wa majaribio ndiye anayeongea na wateja kwa simu. Simu haina mdomo."

Hapo ndipo masomo yangu ya matamshi yalipoanza. Hakunifundisha vile jina linavyosikika. Alinifundisha vile linavyoonekana. "Appium ni rahisi," aliniambia, "anafunga mdomo, anafungua, anafunga tena. Selenium anatabasamu katikati." Jaribuni mbele ya kioo, mtaona. Ile li ya Selenium inavuta mdomo kama unacheka. Ukiipunguza, ukauweka uzito pengine, tabasamu linapotea na Madam Ndinda hakuoni. Kwa hivyo mimi nilijifunza uzito wa maneno kwa sababu kuna mtu angepotea nikikosea.

Nikamuuliza kuhusu ile m yetu. Nikasema b na mb. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akainua mabega.

"Ni kitu kimoja. Mdomo unafunga, unafungua. Kwa macho yangu, mami, Wakamba hatuna shida yoyote."

Nilivua ile sweta wiki hiyo. Nilisingizia joto.

Lakini hicho kilichoniponya mimi ndicho kilichokuwa karibu kumtoa yeye kazini. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndiyo sababu ya barua yote. Kwa macho, m na b na p ni kitu kimoja. Mdomo unafunga, unafungua.

Ilikuwa asubuhi ya kutuma toleo jipya Kabati. Huko watu walikuwa wameambiwa kadi za zamani zinazimwa asubuhi, na toleo jipya likishaingia wataweka kadi mpya. Salim alikuwa na jaribio lake dogo alilokuwa akicheza nalo pembeni, halihusiani na vioski. Likaanguka. Akageuka akasema, vile sisi huongea, "Aa, my test imeanguka."

Madam Ndinda alimwona akisema Pytest imeanguka.

Pytest ndiyo ilikuwa inashikilia majaribio yetu yote. Kama imeanguka yote, basi programu nzima haiaminiki. Akasimama. "Hakuna kutuma," akasema. "Zuieni." Na yeye akisema zuieni, watu wanazuia. Tukatafuta kasoro asubuhi yote. Haikuwepo. Huko Kabati kadi za zamani zilikuwa zimezimwa na mpya hazijafunguliwa. Akina mama walipanga mitungi juani mpaka mchana ukapita, na wengine wakarudi nyumbani na mitungi mitupu. Ni watu wa kwao Madam Ndinda. Baadhi yao aliwajua kwa majina.

Bwana Kariuki alipouliza ilianzia wapi, Salim akashika kichwa. "Lakini mimi nilisema my test, dada Ndinda. Mai. Yangu mimi."

"Ulisema Pytest."

"Haiya," Bwana Kariuki akasema. "Ata mimi nilisikia mai. Na mimi nilikuwa mlangoni."

Mtu mmoja akacheka, halafu tukacheka wote, mai, pai, mai, pai. Madam Ndinda pia alicheka, lakini macho yake yalikuwa yakiruka kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, akitafuta tunachekea neno gani. Bwana Kariuki aliacha kucheka kabla yetu. Alimwangalia kwa muda. Halafu akageuka, akampa mgongo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndinda, kuna moto jikoni."

Madam Ndinda alikuwa anangoja tu ageuke.

Sijui kama ilikuwa vizuri vile alivyofanya. Nimefikiria sana. Yeye ni mtu wa kujaribu vitu pia, nadhani ndiyo njia aliyoijua.

Alimwita Madam ofisini kwake na mimi nikaitwa, kwa sababu Madam aliomba niwepo. Bwana Kariuki alikuwa hana raha. Alikunja karatasi, akaikunjua. "Sikufukuzi," akasema. "Lakini wale watu wa Kabati wanapiga simu kila siku. Nitampa Salim ukuu. Wewe utakaa nyuma, ufanye kazi ya meza."

Akasema haya akiangalia karatasi. Madam Ndinda akaniangalia mimi. Nikayarudia maneno yote kwa mdomo, bila sauti, uso juu. Yale mabaya pia. Ni kitu kigumu zaidi nimewahi kufanya kwa mdomo wangu.

Alipomaliza kunisoma akamwambia, "Nipe toleo moja. Mwende akae mbele yangu, anipe kila neno vile limesemwa. Nikikosea tena kwa ajili ya masikio, mpe Salim, na nitampisha kiti mimi mwenyewe."

Bwana Kariuki akaniangalia. "Huyu? Huyu haongei."

"Simtaki aongee," Madam akasema. "Nataka asomeke."

Kazi ya mdomo bila sauti. Mungu alikuwa ameniona.

Siku zilizofuata tulitengeneza majina yetu. Yale yanayofanana kwa mdomo tukayaongezea mkono. Pytest, mkono unaenda kama nyoka, kwa sababu ya chatu, yaani python, aliyelipa jina. My test, unagusa kifua. JMeter, zana ya kutuma wateja wengi wa uongo kwa pamoja ili uone kama programu itahimili, tulifungua mfereji hewani. Gherkin, ambayo kwa Kiingereza ni tango dogo, unakata tango. Na Selenium, kwa sababu ya yale magunia ya kwenye ngazi, unaweka kidole kwenye ulimi kama ng'ombe anayelamba chumvi. Salim alituona, akavuta kiti. "Na Playwright je, dada?" Akapiga magoti kama mtu anayeigiza sinema, maana playwright ni mwandishi wa michezo ya kuigiza, na kuanzia hapo ikawa hiyo.

Asubuhi ya toleo lile lingine tulikaa wote mezani, simu katikati ikiwa kwa spika. Upande wa pili alikuwa fundi wa Kabati, mzee mwenye haraka. Mimi nilikaa mkabala na Madam Ndinda, mgongo kwa ukuta, mwanga usoni. JMeter ilikuwa inakimbia kwenye mashine yetu, wateja wa uongo wanaingia kwa wingi mpaka kwenye mtambo wa Kabati, na tulikubaliana kwamba ikizima tu, hatutumi. Bwana Kariuki alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Salim hakuangalia mtu.

Fundi akasema, "Halo, mita imezima. Nawaambia mita imezima huku!"

Mkono wangu ulikuwa tayari hewani, umeshika mfereji. Macho ya Madam Ndinda yalikuwa kwenye mkono huo. Nilijua nikiuzungusha atasema zuieni, kama siku ile, na mitungi itakaa juani, na kiti kitakuwa cha Salim. Lakini mita gani? Huku kwetu tumeipa zana hiyo jina la mita kwa uvivu. Kwa fundi wa maji, mita ni mita.

Hakukuwa na namna ya kuuliza kwa mdomo bila sauti. Simu haina macho.

Nikaongea. "Mzee, shikamoo. Ni njei-mita ama ni mita ya maji?"

Ilitoka hivyo, na n yake yote, mbele ya bosi na spika. Nilingoja kicheko. Nilikuwa nimekingoja tangu kidato cha kwanza. Hakikuja. Kila mtu alikuwa anangoja jibu.

"Mita ya maji, kana kakwa, mtoto wangu! Hii ya kioski cha sokoni, imeisha betri. Hiyo njei sijui ni ya nani."

Nikashusha mkono. Nikampa Madam kwa mdomo, pole pole: mita ya maji, kioski kimoja, betri. Akageukia skrini, JMeter bado inakimbia vizuri. Akasema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, "Tuma. Na mwambie mzee abadilishe betri." Salim akabonyeza. Baada ya muda fundi akapiga tena, na nyuma yake tukasikia maji yakiingia mtungini. Wengine tulisikia, ninamaanisha. Mimi nikamwambia Madam kwa mdomo: maji. Mdomo unafunga, unafungua. Akaelewa kabla sijamaliza.

Bwana Kariuki alitoka. Kesho yake meza ya mkutano ilikuwa imegeuzwa, viti vyote vikiangalia mwanga. Kiti cha mkuu hakikutajwa tena.

Kwa hivyo, wewe wa dirishani na wenzako, mkichekwa huko attachment kwa sababu ya l na r, ama n iliyojiingiza, chekeni nao kidogo halafu mrudie jina, uso ukiwa juu, mpaka yule mnayefanya naye kazi ajue mnamaanisha kitu gani. Kama hajui, ulizeni. Matamshi ni ya yule anayekungojea. Na zana zenu zisipewe jina la kitu kingine kinachoharibika.

Nilidhani nitamalizia hapo, lakini wiki iliyopita Madam Ndinda alinipigia simu ya video. Yeye bado ni mkuu pale. Sikio la kulia sasa limeenda kabisa, na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria ni kwamba hajisikii tena hata yeye mwenyewe. Sauti yake imeanza kuhama. S zake zinalegea. Alikuwa ananieleza kuhusu toleo jipya, akafika kwa Selenium, akasimama.

"Mwende. Nimetamka aje?"

Huyu ndiye aliyenifundisha. Nilitaka kusema sawa, Madam, sawa kabisa. Lakini kazini alikuwa na sheria moja: usiniambie iko sawa, niambie umeona nini. Na uso wangu yeye anausoma kuliko mama yangu.

Nikainua simu mpaka mwanga wa dirisha ukanishika. "S imekuwa th kidogo," nikasema. "Na ile li imepanda juu sana. Lakini nimejua ni Selenium."

Akanisoma mara ya pili kichwani, niliona. Nyuma yake Bwana Kariuki alikuwa anapita na kikombe cha chai.

"Hiyo ni mbug," Madam Ndinda akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Kubwa ama ndogo?"

"Ndogo."

"Basi iandike, tuendelee na kazi."

Halafu akageuka kumwambia bosi tulikuwa tunaongea nini. Bwana Kariuki, yule wa Serenium, hakujaribu hata kulitamka. Alishusha kikombe, akauinua uso wake ili Madam amwone vizuri, akaweka kidole kwenye ulimi.